Kisamvu, selimundu na kopo la unga: seli hai ni kitu gani hasa?

Mwezi uliopita jirani yangu mmoja hapa Ngamiani, Tanga, alinijia barazani na kopo mkononi. Ni mama wa watoto watatu, na yule wa mwisho, wa miaka sita, ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kopo lile kaliuziwa na mtu aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba. Kaambiwa unga uliomo ni wa "seli shina" za tunda, ukikorogwa kwenye maji ya vuguvugu na kunywewa kila asubuhi, seli mbovu za mtoto zitatoka na nzima zitaingia. Bei yake ilizidi anachopata kwa wiki nzima ya kukaanga vitumbua.

"Mwalimu," akaniuliza, "hizi seli ni kitu gani hasa? Hospitali wananiambia seli, huyu naye ananiambia seli, na juzi redioni wamezungumzia saratani nayo ikawa seli."

Nimefundisha baiolojia miaka mingi na najua tunavyolifundisha jambo hili. Mwanafunzi anachora duara, anatia kiduara ndani, anaandika majina kumi na mawili pembeni, anapata alama zake. Miaka mitano baadaye mama yake akimuuliza swali kama la jirani yangu, hana la kumjibu. Siku ile barazani nilijibu kwa ufupi kuliko nilivyotaka. Hapa nataka nijibu vizuri.

Seli, au chembe hai, ni kipande kidogo kabisa cha kiumbe ambacho chenyewe kiko hai. Kinaingiza chakula, kinatoa taka, kinatumia nguvu, na mara nyingi kinaweza kujigawa kuwa viwili. Ukishuka chini ya hapo unakuta maji, mafuta, protini na chumvi, vitu ambavyo kimoja kimoja havina uhai. Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30. Ni ndogo mno: chembe nyekundu za damu zaidi ya 100 zikipangwa mstari mmoja zinaenea ndani ya milimita moja ya rula. Lakini ipo seli ambayo umeishika mkononi. Yai la kuku ambalo halikupandwa na jogoo, ile sehemu yake ya njano yote ni seli moja.

Hapo Kiswahili chetu kinatega, na wanafunzi wangu wamenaswa kila mwaka. Ile njano tunaiita kiini cha yai, na katika seli pia kuna kitu kiitwacho kiini. Si kitu kimoja. Kiini cha yai ni seli nzima iliyojazwa akiba ya chakula. Kiini cha seli ni chumba kidogo ndani ya seli, na ndicho kitakachotushughulisha hapa.

Jina lenyewe lilianza mwaka 1665, pale Mwingereza Robert Hooke alipokata kipande chembamba cha kizibo na kukitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vingi vimepangana, akaviita kwa neno la kwao lenye maana ya vyumba vidogo. Alichokiona kilikuwa kuta tupu za seli zilizokufa. Sisi watu wa Tanga tumezishika sana kuta za namna hiyo. Singa za mkonge ni kuta nene za seli zilizokwisha kufa, zimebaki ngumu baada ya wenyewe kuondoka. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge mwaka 1893, mashamba, reli na bandari za mkoa huu zimeishi kwa kuta hizo.

Banda la dago na nyumba ya Ngamiani

Seli ziko za namna mbili kuu, na ukiielewa tofauti yake mengine yote yanafuata.

Aliyewahi kwenda dago, kambi ya muda ya wavuvi, anajua maisha ya pale. Banda ni moja. Nyavu, sufuria, mkeka, dumu la maji na samaki waliokaushwa, vyote viko chini ya paa lilelile. Bakteria ndivyo alivyo. Ana utando wa nje, na ndani yake mambo yote yanafanyika mahali pamoja, hata maandishi yake ya urithi yanaelea humohumo. Seli za aina hii huitwa prokarioti. Tusizidharau, zilikuwapo duniani zaidi ya miaka bilioni moja kabla ya hizi nyingine, na bado zinatuzidi kwa wingi.

Sasa fikiria nyumba zetu za Kiswahili hapa Ngamiani. Kuna baraza, ukumbi unaopita katikati, vyumba huku na huku, halafu uani kwenye jiko, na choo mwisho kabisa. Kila shughuli ina pahala pake na kila pahala pana mlango. Seli ya aina hii huitwa yukarioti: ina kiini chake chenye utando, na vyumba vingine kadhaa vyenye utando wao. Sisi tumejengwa kwa seli hizo. Na papa, mnazi, mkoko, uyoga na mwani unaolimwa na akina mama pwani yetu vivyo hivyo. Hata hamira unayoumulia maandazi ni seli moja moja za aina hii, na kimelea cha malaria pia. Kwa hiyo si kweli kwamba kiumbe kidogo lazima awe "bakteria". Kinachotazamwa ni vyumba.

Na vyumba vina faida gani? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jibu liko jikoni kwetu.

Chukua kitunguu. Kikiwa kizima unaweza kukilalia mto usitoe chozi. Ukitia kisu, macho yanawaka. Kile kinachowasha hakikuwamo ndani ya kitunguu kabla hujakikata. Kulikuwa na kitu kimoja kwenye ute wa seli, na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha vitu kubadilika, kimefungiwa kwenye chumba kingine kinachoitwa vakuoli. Kisu kilipobomoa kuta vikakutana, na papo hapo ikazaliwa hewa inayochoma macho.

Muhogo unafanya jambo lilelile, ila wake ni wa hatari. Ndani ya vakuoli za seli zake, majani na mizizi, kuna kitu kiitwacho linamarini, ambacho kikiwa peke yake kimetulia. Kimeng'enya cha kukivunja kinakaa nje, kwenye ukuta wa seli. Panya au mdudu akitafuna, chumba kinapasuka, viwili vinakutana, na mwisho wake inatoka sianidi, sumu kali. Mmea wenyewe haudhuriki kwa sababu umeviweka mbalimbali. Muhogo mchungu ndio wenye akiba kubwa ya kitu hicho.

Sasa wakumbuke bibi zetu na kisamvu. Kwa nini kinatwangwa kwenye kinu mpaka kilainike, badala ya kutupwa tu sufuriani kama mchicha? Wengi hudhani ni kwa ajili ya ulaini. Kutwanga kunapasua seli zote, ili linamarini ikutane na kimeng'enya chake mapema, nje ya tumbo lako, sumu itoke na kupotea. Sianidi inachemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, yaani joto la kawaida la Tanga, kwa hiyo ikishaachiwa hairudi, na moto unamalizia. Ukichemsha majani mazima bila kuyatwanga, moto unaharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sehemu ya ile linamarini inabaki. Kuvundika na kuanika muhogo mchungu ni kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Wanawake wa pwani hii waliijua kazi hii vizazi na vizazi kabla ya hadubini kufika, na ninaposikia mtu anaiita ushamba huwa naumia.

Chumba cha kuvunja chenji

Sianidi inauaje, basi? Inakwenda moja kwa moja kwenye chumba kingine, mitokondria, na kukifungia kazi.

Vitabu husema mitokondria "hutengeneza nguvu". Nguvu iko tayari ndani ya wali uliokula. Kazi ya mitokondria ni kuivunja iwe chenji. Ukipanda bajaji kutoka Mkwakwani kwenda Raskazone ukatoa noti ya elfu kumi na dereva hana chenji, hela unayo lakini huwezi kulipa. Sukari ni noti kubwa. Misuli, ubongo na figo hulipwa kwa sarafu ndogo inayoitwa ATP, na mitokondria hutumia oksijeni kuzipata sarafu hizo kutoka kwenye noti ile. Sarafu moja hutumika na kurudi kujazwa tena mara nyingi kiasi kwamba, kwa siku, mwili huzungusha ATP yenye uzito unaokaribia uzito wake wenyewe. Sianidi ikiingia, mtu anavuta hewa, damu yake imejaa oksijeni, lakini seli hazina namna ya kuitumia.

Chumba hiki kina historia ya kushangaza. Mwaka 1967 Mmarekani Lynn Margulis aliandika kwamba mababu wa mitokondria walikuwa bakteria waliokuwa wakiishi peke yao, wakamezwa na seli nyingine, wakabaki humo bila kusagwa. Wengi walilikataa wazo hilo. Leo ndilo linalofundishwa, kwa kuwa mitokondria wana maandishi yao ya urithi, yaliyo mbali na yale ya kwenye kiini, na hujigawa kwa namna ya bakteria. Ya kwako yote yametoka kwa mama yako, naye kwa mama yake. Mimea na mwani walipata mgeni mwingine wa aina hiyo, kloroplasti, anayetengeneza sukari kwa mwanga wa jua.

Daftari lisilotoka kabatini

Sasa tuingie kwenye kiini. Fikiria shughuli kubwa ya harusi. Daftari la mapishi la ukoo limefungiwa kabatini, chumba cha ndani. Hakuna anayelipeleka jikoni likamwagikiwe mchuzi. Anayehitaji pishi fulani ananakili ukurasa ule mmoja kwenye kijikaratasi, anakitoa mlangoni, na wapishi uani wanakifuata.

Daftari ndiyo DNA, au vinasaba, hiyohiyo ya kwenye kipimo cha kutafuta baba wa mtoto. Kwa mtu limegawanywa katika juzuu 46 ziitwazo kromosomu, 23 za baba na 23 za mama. Uzi wake katika seli moja ukinyooshwa unakaribia mita mbili, nao umekunjwa ndani ya kiini ambacho huwezi kukiona kwa macho. Kijikaratasi kinaitwa RNA, nacho hupita kwenye vitundu vya utando wa kiini. Wapishi ni ribosomu. Wanatunga protini kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, kama mtu anayetunga ushanga. Protini za kupelekwa nje hupitia vyumba vya kufungashia, ambavyo kimoja kinabeba jina la Mwitaliano Camillo Golgi aliyekieleza mwaka 1898. Seli ya ini na seli ya jicho zina daftari lilelile. Hazifanani kwa sababu kila moja inafungua kurasa zake.

Na saratani? Watu wengi huiona kama mdudu aliyeingia kutoka nje. Ni seli zetu wenyewe, ambazo kurasa zinazosema "gawanyika sasa" na "acha sasa" zimeharibika, basi zinaendelea kugawanyika bila kusikia. Ndiyo maana tiba yake ni ngumu: unayepigana naye ana daftari karibu sawa na lako.

Kwa sababu ya namna hiyohiyo malaria nayo haitibiki kama kidonda chenye usaha. Antibiotiki nyingi hushambulia vitu ambavyo bakteria anavyo na sisi hatuna, kama ukuta wake au ribosomu zake za aina tofauti. Kimelea cha malaria ni seli yenye kiini na mitokondria, anatukaribia kwa ujenzi, na anajificha ndani ya seli zetu za ini na za damu. Ni sababu mojawapo ya watafiti wa malaria, wakiwamo wa kituo cha utafiti cha Amani huku kwetu Muheza, kuwa na kazi isiyokwisha haraka. Virusi vya mafua si seli kabisa. Havina ribosomu wala ukuta wa kushambuliwa, kwa hiyo antibiotiki haina pa kuvishika.

Seli iliyotupa daftari

Nirudi kwa mtoto wa jirani yangu, maana ndiye aliyetuleta hapa.

Zaidi ya seli nane katika kila kumi za mwili wako ni chembe nyekundu za damu. Hizi zina jambo la ajabu: zikikomaa hazina kiini. Hazina mitokondria pia. Zimetupa vyombo vyote ili zijae hemoglobini, protini ya kubebea oksijeni, ambayo katika chembe moja hufika molekuli milioni 270 hivi. Kuku na samaki chembe zao nyekundu zina kiini. Sisi na wanyama wengine wanaonyonyesha tumekitoa. Chembe isiyo na daftari haiwezi kujikarabati, kwa hiyo huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa.

Selimundu huanzia kwenye ukurasa wa hemoglobini. Katika daftari lenye herufi bilioni tatu hivi, herufi moja tu imebadilika, kama mtu aliyeandika "piga" pahala pa "pika". Ushanga mmoja kwenye protini unakuwa mwingine. Hemoglobini ile ikishaachia oksijeni inashikamana na wenzake kuwa nyuzi ndefu, na nyuzi zinaisukuma chembe iliyokuwa ya mviringo mpaka ipinde kama mundu wa kukatia mpunga. Chembe iliyopinda inakwama kwenye mishipa myembamba. Hapo ndipo panapotoka yale maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto usiku. Tena huvunjika mapema, baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu inapungua.

Yapo maneno yanayoumiza kuliko ugonjwa, nayo niliyasikia kwa huyu mama pia. Kwamba ni ulozi, kwa sababu mtoto alizaliwa salama akaanza kuumwa baadaye. Mtoto mchanga anazaliwa na hemoglobini ya tumboni, inayotoka ukurasa mwingine usio na kosa. Ukurasa ule hufungwa taratibu baada ya kuzaliwa, na dalili huanza karibu na miezi sita. Kwamba ametoka nao kwa mama. Mtoto haupati kwa mzazi mmoja. Kwa kawaida baba na mama wote wana nakala moja yenye kosa na moja nzima, na kila mimba inabeba nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata zote mbili zenye kosa. Mwenye nakala moja kwa kawaida haumwi, na ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa utafiti wa Afrika Mashariki. Ndiyo sababu kosa hili limeenea sana kwenye nchi zenye mbu kama yetu.

Sasa lile kopo. Kosa liko kwenye daftari, daftari liko ndani ya kiini, na chembe nyekundu haina kiini cha kurekebishwa. Pa kwenda ni mahali chembe zinapozaliwa, kwenye uloto ndani ya mifupa. Huko kuna seli shina za kweli, seli zinazoweza kugawanyika na kuzaa chembe za damu za kila aina. Unga unaonywewa hauendi huko. Unafika tumboni, vimeng'enya vinavunja protini zake kuwa asidi amino na DNA yake kuwa vipandevipande, kama vinavyofanya kwa kisamvu na changu wa kukaanga. Tumekula samaki hapa Tanga tangu mababu na hakuna aliyeota magamba. Seli shina ya tunda, hata ingefika nzima kwenye damu ya mtoto, inajua kutengeneza tunda.

Tiba zenye ushahidi zinaulenga uloto. Haidroksiurea, dawa inayotolewa kliniki, huufanya uloto ufungue tena ule ukurasa wa hemoglobini ya tumboni. Upandikizaji wa uloto humpa mtoto seli shina za ndugu anayelingana naye, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshawafanyia hivyo watoto wenye selimundu. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha, ikiwa ya kwanza duniani, tiba ya kutoa seli shina za mgonjwa mwenyewe, kuhariri vinasaba vyake nje ya mwili na kumrudishia. Marekani ikafuata Desemba. Gharama yake bado iko mbali sana na sisi. Haidroksiurea haiko mbali kiasi hicho, na nilimsihi jirani yangu hela ya kopo la pili aiweke kwa ajili ya nauli ya kliniki.

Kabla ya kuondoka aliniuliza kama mwili wa mtoto unachoka, kutengeneza damu nyingine kila wakati. Nikamwambia uloto wa mtu mzima mwenye afya hutoa chembe nyekundu kama milioni mbili kila sekunde, na kila moja hukisukuma nje kiini chake kabla ya kuingia kwenye damu. Wa mwanawe unakimbia zaidi ya hapo, kwa sababu chembe zake hazidumu. Ndiyo maana kliniki humpa vidonge vya asidi ya foliki, ambayo hutumika kila seli inaponakili daftari lake kabla ya kugawanyika. Akasema anavyo nyumbani, aliacha kumpa aliponunua kopo. Jioni ile akaanza kumpa tena.